Huyu nyati wa matope wa Ufilipino kweli anatoa lita moja tu kwa siku?

Mzee_wa_Jaruba:
Wakuu habari za jioni. Kuna klipu inazunguka WhatsApp, katoto ka kama miaka 6 kamelala chali mgongoni kwa nyati katikati ya jaruba huko Ufilipino, kanachezea simu wala hakana habari, mnyama anacheua tu. Sasa shemeji yangu kaiona akaja na hesabu zake, eti hao ndo nyati wa maziwa, Wahindi wanakamua lita 10 na kuendelea, tukipata wawili tu tumeuaga umaskini. Nikaingia kuperuzi mwenyewe nakuta huyo wa Ufilipino anatoa lita 1, akijitahidi sana 2. Mbuzi wa maziwa wa jirani yangu anampita! Na mnyama ana kilo 400 na ushee! Naomba kujuzwa, hawa ni aina moja au tunachanganya mafaili, na unamtambuaje kwa macho? Halafu ana undugu wowote na mbogo wetu?

dokta_wa_zizi:
Shem kachanganya mafaili mkuu. Nyati wa kufugwa wako makundi mawili. Kuna wa mtoni, huyo ndo wa India, Pakistani, Misri mpaka Italia kwenye ile jibini ya mozzarella. Halafu kuna wa kinamasi, wengine wanamwita wa matope, yuko Ufilipino, Thailand, Vietnam, Laos, Indonesia mpaka kusini mwa China. Wa klipu yako ni huyu wa pili.

Kumtambua anza na pembe. Zinatoka mlalo kwenda pembeni halafu zinakunja kurudi nyuma kama mwezi mchanga, ndefu kweli, mtu asiyezoea anakaa mbali. Murrah, aina ya nyati wa mtoni wa India, zake fupi zimejisokota kama konokono, na yeye ni mweusi tii wakati huyu wa matope ni kijivu. Kisha mwangalie kooni, ana mistari myeupe, mara nyingi miwili, mmoja chini ya taya mwingine juu ya kifua, utadhani kavaa mkufu, na miguu kuanzia magotini kushuka chini imepauka kama kavaa soksi. Kifua kipana, tumbo pipa, miguu mifupi, kwato pana zinatanuka akikanyaga tope. Sasa kiwele ndo utacheka, kidogo, kimejibana huko nyuma kati ya mapaja, ukipita haraka hukioni.

Hata kwenye damu wanatofautiana, wa mtoni ana kromosomu 50, wa kinamasi 48. Wanazaliana lakini, chotara anatoka na 49 na anazaa. Mbogo wetu ana 52 na ni ukoo mwingine kabisa, hapandani na hawa, kwa hiyo kama shem alikuwa na wazo la kwenda kutega dume porini mwambie aache.

ChapaKazi88:
Lita 1 hiyo si njaa tu jamani? Mnyama analala matopeni kutwa nzima anakula mabua ya mpunga, mlisheni pumba na mashudu muone kama hatoi 8

dokta_wa_zizi:
Hapana @ChapaKazi88. Lishe inaongeza kiasi ila huwezi kulisha kitu ambacho hakimo. Huyu kwa maelfu ya miaka alichaguliwa kwa nguvu za kuvuta plau kwenye jaruba lililojaa maji, aliyevuta vizuri ndo aliyebakizwa azae, hakuna aliyekuwa anaangalia kiwele. Maziwa yake ni ya ndama, basi. Na mzunguko wake mrefu, mimba miezi 11, ukute anazaa mara moja kila mwaka na nusu au miaka miwili.

Na hayo matope usiyaone uvivu. Tezi zake za jasho ni chache mno ukilinganisha na ng'ombe, na ngozi yenyewe ni nene, bila kugaagaa joto linamuumiza na hata hayo maziwa kidogo yanapungua.

Baharia_Mstaafu:
Mimi hii nimeiona kwa macho yangu. Zamani meli yetu ilikaa matengenezo Ufilipino wiki kadhaa, mwenzetu mmoja wa kule akatupeleka kwao Laguna, wao wanamwita kalabaw. Alfajiri mzee wa nyumba kaenda kukamua. Kwanza kamwachia ndama anyonye, maana bila ndama mama hashushi hata tone, halafu akamvuta ndama akamfunga karibu na mguu wa mbele wa mama yake ili mama awe anamlamba, ndo akaanza, vidole viwili viwili. Mi nimezoea kuona ndoo, mzee kaja na kopo la plastiki, na halikujaa.

Ila sasa hayo maziwa! Meupe kama chokaa, hayana ile rangi ya njano ya maziwa ya ng'ombe, na mazito. Wanatia chumvi na kitu cha kugandisha wanapata jibini laini inaitwa kesong puti, inafungwa kwenye jani la mgomba, unakula na mkate wa moto. Mpaka leo naikumbuka.

dokta_wa_zizi:
Weupe ni kwa sababu hayana ile karotini ya njano, anaibadilisha yote kuwa vitamini A. Na uzito ni mafuta, asilimia 7 mpaka 9, wakati Friziani anazunguka kwenye 3 na nusu, 4. Ndo maana wanaoyatumia hawayanywi sana, wanagandisha. Wale Waminangkabau wa Sumatra Magharibi wanayamimina mabichi kwenye kipande cha mwanzi, wanafunika na jani la mgomba, siku mbili yameganda, hiyo ndo dadih.

Wanaotaka maziwa ya kuuza wanapandisha majike ya matope kwa mbegu ya Murrah. Ufilipino walitunga sheria mwaka 1992 ya kuanzisha kituo cha taifa cha kalabaw, na chotara wa kwanza anafika lita 4 hivi. China walianza mapema zaidi, walichukua Murrah India 1957 na Nili-Ravi, aina nyingine ya nyati wa mtoni, Pakistani 1974.

Mzee_wa_Jaruba:
Nimemsomea shem uzi wote. Kanyamaza kidogo, halafu kauliza hilo kopo la mzee lilikuwa la ujazo gani

Baharia_Mstaafu:
😂😂 la lita moja na nusu mkuu, tena na povu