Golf ya klachi mbili au nibaki na gia za mkono? Naombeni ushauri

Dereva_Mbezi: Habari zenu wakuu. Naishi Mbezi, kazi Posta. Gari langu ni Toyota ya gia za mkono, mwaka wa saba sasa, klachi nimebadilisha mara moja tu. Shida ni goti la kushoto, foleni ya Kimara imelimaliza. Nimepata Volkswagen Golf ya 2010, injini 1.4, gia saba za DSG, yaani otomatiki ya klachi mbili. Ikishakolea mwendo, gia zinaingia hata husikii. Ila kwenye foleni nikiachia breki inatetemeka, halafu inaruka mbele. Muuzaji anasema ndivyo zilivyo. Ni kweli? Hela yenyewe ni ya kudunduliza.

Spana_Kumi: Si kweli, mkuu. Otomatiki ya kawaida, nguvu ya injini inapitia kwenye mafuta, ndiyo maana inaondoka taratibu. Hiyo ya Golf ni pleti ya klachi inasuguana na pleti, sawa na ya kwako, ila anayekanyaga klachi ni kompyuta. Na hiyo ya gia saba klachi zake ni kavu, hazioshwi na mafuta. Foleni ya kusogea hatua mbili ni nusu klachi muda wote: joto, pleti zinaungua. Kutetemeka ndiyo dalili yenyewe.

MamaWawili: Mimi yamenikuta, kaka. Tazara, mvua inanyesha, taa ya gia ikaanza kumweka. Gia ya 2, 4 na 6 zikapotea, na rivasi pia, maana zote zinabebwa na klachi moja. Nikawa nyuma ya lori, siwezi kurudi hata kidogo, watu wananipigia honi. Fundi wa kwanza akafunga klachi mpya bila vifaa vyake, haikumaliza mwezi. Ya mkono, fundi yeyote mzoefu anaimaliza siku moja.

Tabata_Relini: Msizitie zote kapu moja. Yangu ni ya gia sita, klachi zinaogelea kwenye mafuta. Namwaga kila kilomita 60,000, na kilimani nashikilia kwa breki, si kwa kukanyaga mafuta. Haijanisumbua. Lakini hiyo ya gia saba inayotetemeka tayari, iache.

Dereva_Mbezi: Asanteni sana, dada pole kwa yaliyokukuta. Namwambia muuzaji hapana. Sasa nisaidieni: otomatiki ya kawaida ya Toyota, kwa foleni hii hii, nikague nini kabla ya kulipa?

Spana_Kumi: Anza na mafuta ya gia. Chomoa kijiti cha kupimia, unuse. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, ondoka.