Tupeane uzoefu: mashine ya kuoka mkate nyumbani, ulianzaje nayo?

Mwanzisha mada (Tabata, Dar)
Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita nilinunua mashine ya mkate, ile unayoweka maji, unga na hamira, unabonyeza, inakanda, inauacha uumuke na kuoka yenyewe. Nyumbani tuko sita, mkate wa dukani haufiki saa mbili asubuhi, nikaona bora nioke mwenyewe. Mpaka leo nimeoka mitatu. Wa kwanza ulitoka mgumu, mfupi, haukupanda kabisa. Wa pili ulipanda vizuri kisha ukabonyea katikati. Wa tatu umeme ulikatika ukiwa bado unaumuka, nikautupa, na roho iliniuma sana kumwaga unga nusu kilo. Wenye mashine hizi naomba mtusimulie: mlikosea wapi, na mlirekebisha nini?

Mama Pacha (Morogoro)
Pole ndugu yangu. Wangu wa kwanza nao ulikuwa mgumu, na chanzo kilikuwa kikombe. Nilichota unga kwa kikombe cha chai, nikaushindilia kama ninavyopima wa maandazi. Kikombe cha unga uliomiminwa taratibu ni gramu kama 120, ukishindiliwa unafika 150 au zaidi. Vikombe vinne hivyo, tayari umezidisha zaidi ya gramu 100 na maji ni yale yale. Hapo mkate hauwezi kupanda. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni, na tangu siku hiyo sijamwaga mkate.

Vipimo vyangu: unga wa ngano gramu 500, maji mililita 310, mafuta vijiko viwili vya chakula, sukari vijiko viwili vya chakula, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, na hamira ya chenga kijiko kimoja na nusu cha chai. Maji yanatangulia chini, kisha mafuta, chumvi na sukari, halafu unga unaofunika maji yote. Hamira inakwenda juu kabisa, kwenye kishimo unachochimba kwa kidole katikati ya unga. Kuna mashine chache zinazotaka hamira ianze chini, kwa hiyo angalia kijitabu chako kwanza.

Sasa jambo ninalotaka ulishike kuliko vyote: usibonyeze ukaondoka. Zile dakika kumi za mwanzo simama hapo, fungua mfuniko utazame. Wakati wa kukanda hakuna kinachoharibika, usifungue wakati wa kuoka tu. Unatafuta donge moja, laini, linalozunguka na kuta za chombo zikabaki safi. Ukiligusa linanata kidogo kwenye kidole kisha linaachia. Likiwa limetandaza chini kama uji mzito, nyunyiza unga kijiko kimoja, subiri dakika, tazama tena. Likiwa kavu limekatika mabonge mawili matatu na mashine inagonga, tia maji kijiko kimoja. Unga haufanani, hata wa kampuni ile ile: wa msimu wa mvua unataka maji machache kuliko wa kiangazi. Mashine haiwezi kujua hilo, wewe ndiye wa kuliona.

Kijana wa Tanga
Huo uliobonyea katikati mimi naujua. Ni joto letu la pwani. Vijitabu vingi vinasema tumia maji ya vuguvugu, lakini vimeandikwa kwa ajili ya jiko la nchi ya baridi. Huku jikoni saa nane mchana ni nyuzi 32, tena mashine yenyewe inaongeza joto, basi hamira inakimbia, mkate unapanda kabla ya wakati wake, na moto unapowaka hauna tena nguvu ya kujishikilia. Natumia maji ya friji, na hamira nimepunguza mpaka kijiko kimoja cha chai. Siku hizi naoka usiku. Na usisahau chumvi. Niliisahau mara moja, mkate ukafura mpaka ukagusa mfuniko, kisha ukaanguka wote.

Wa Nakuru
Hamjambo. Sisi hatuna joto hilo lakini mkate ulianguka vilevile. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na huku juu hewa ni nyepesi, hivyo gesi ya hamira inatanuka haraka zaidi. Dawa ikawa hiyo hiyo: kupunguza hamira, na maji kuongeza kijiko kimoja kwa sababu unga wa huku ni mkavu.

Kosa langu lingine lilikuwa unga. Nilichukua pakiti ya ule uliochanganywa na baking poda tayari, rangi zake zinakaribiana na za ule wa kawaida. Mkate ulitoka umejaa vumbivumbi, ukikata slesi inavunjika. Someni pakiti kabla ya kulipa.

Fundi vyombo (Kariakoo)
Naongea kama mtu ninayeletewa mashine hizi mezani. Kabla ya kuchomeka, geuza usome kibati kilicho nyuma au chini. Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya mtumba kutoka Japani ni volti 100, ya Marekani ni 120. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani inatoa moshi palepale, na mara nyingi bodi haifufuki. Za Uingereza hazina shida. Mwezi huu nimepokea mbili za Japani zilizoungua, wenye nazo waliuziwa bila kuambiwa neno. Inaniuma, kwa sababu mtu amedunduliza hela yake.

Ikiwa inanguruma lakini haikandi, fungua kwanza uone kama kile kipande cha kukandia umekivisha kwenye chuma chake. Kikiwepo na bado hakizunguki, mkanda wa mpira ulioko ndani umelegea, ni kazi ndogo kwa fundi. Na chombo cha ndani usikiloweke kwenye beseni usiku kucha, maji yanaharibu mpira wa chini na kitaanza kuvuja. Mimina maji ya moto ndani, acha robo saa, osha kwa kitambaa laini.

Kuhusu kukatika umeme: baadhi ya mashine zinakumbuka zilipoishia kwa dakika chache, ukirudi haraka zinaendelea, nyingine zinaanza upya. Ule mkate wa tatu ulikuwa unaokoleka. Ukikatikiwa wakati wa kuumuka, uache hapo hapo uumuke hadi ufike karibu na ukingo, umeme ukirudi chagua programu ya kuoka peke yake. Usiporudi, hamishia kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, uoke kwa mkaa chini kidogo na juu ya mfuniko mwingi, kama tunavyooka keki. Na kabla hujabonyeza, tazama LUKU ina yuniti ngapi. Mkate mmoja kwangu unakula karibu nusu yuniti.

Bint Unguja (Maskati)
Assalam alaykum. Mimi nitasimulia ya mama yangu. Alikuwa akituamsha kwa harufu ya maandazi, na boflo akioka mwenyewe. Miaka ya karibuni vidole vinamuuma, hawezi kukanda. Aliacha kabisa, na kila nikipiga simu Unguja ananiambia ananunua tu, sauti imeshuka. Nikamnunulia mashine huku Maskati, umeme na plagi ni sawasawa na za nyumbani, nikaipeleka nilipokwenda kufunga nao Ramadhani.

Siku ya kwanza hakuisogelea. Alikaa kwenye kibao chake akitazama. Nilitia tui la nazi badala ya maji, iliki, sukari, unga na hamira, nikaweka programu ya kukanda tu, ambayo kwa yetu ni saa moja na nusu. Ilipolia, mama akanyanyuka, akalibonyeza donge kwa kidole gumba, akanusa, akasema: "Iliki kidogo, mwanangu." Basi akalitoa, akalisukuma na kulikata mwenyewe. Kinachomshinda ni kukanda, mengine yote anayo mikononi. Siku hizi ndiye anayenipigia mimi kuniambia kapika nini.

Tui lakini usiliache usiku kucha na taima, ile saa unayoitega ili mashine ianze yenyewe baadaye, wala maziwa na mayai. Kwa joto la kwetu yanachacha. Taima ni ya mkate wa maji tu.

Mwanzisha mada (Tabata, Dar)
Mungu awabariki. Jana usiku nilipima kwa mizani ya jirani, maji ya friji, hamira kijiko kimoja, nikasimama pale dakika kumi. Lilikuwa linanata, nikaongeza unga vijiko viwili, likawa donge. Saa tano na nusu usiku mkate umetoka, umepanda, gamba la kahawia, katikati haukubonyea. Watoto walikuwa wamelala, mama yao nikamwamsha. Swali moja: kile kipande cha kukandia kimebaki ndani ya mkate na kimeacha shimo. Mnakitoaje?

Mama Pacha (Morogoro)
Hongera sana! Subiri mkate upoe, kisha kichomoe kwa mpini wa mwiko, chuma kitakikwangua. Ukitaka usipate shimo kubwa, kitoe mapema: ikishamaliza kukanda mara ya mwisho, kabla ya kuumuka kwa mwisho, lowesha mkono, nyanyua donge, kichomoe, ulirudishe na kufunika. Kwa mashine yangu ni kama saa moja na nusu tangu nilipobonyeza. Yako isikilize leo, uandike dakika zake.