Mchezaji akidai pesa mnamwita msaliti, mkataba mlioandika wenyewe hamuutaji. Nimechoka!

Wakuu, kila dirisha la usajili likikaribia wimbo ni uleule. Nyota mzawa amebakiza miezi sita, meneja wake ametaja dau, dau limevuja hadi kwa wachambuzi wa redioni, na ikifika jioni nchi nzima inamwita mwenye tamaa. Kesho yake upande wa pili unajibu kwamba klabu ni bahili, inakula mabilioni ya wadhamini na haitaki kulipa. Siku tatu za matusi, na hakuna anayeuliza maswali mawili ambayo yangemaliza ubishi: hiyo pesa ni ya mkononi au ya kabla ya makato? Na mkataba uliopo unasemaje kuhusu kuvunjwa?

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa mchana kweupe.

Mameneja wengi hutaja mshahara wa mkononi. Chukua mchezaji anayetaka milioni 20 kwa mwezi, zote ziingie kwake. Kwa Tanzania Bara kodi ya mshahara, ile PAYE, inapanda ngazi kwa ngazi hadi asilimia 30 ya kila shilingi inayozidi milioni 1 kwa mwezi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inamkata mfanyakazi asilimia 10 kabla kodi haijapigwa. Ili abaki na milioni 20, mshahara wa kwenye karatasi lazima uwe milioni 31.47 hivi: NSSF inaondoka na milioni 3.15, kodi milioni 8.33. Halafu klabu kama mwajiri inaongeza asilimia 10 yake ya NSSF, tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, asilimia 3.5, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5. Kinachotoka benki kila mwezi ni karibu milioni 35.9. Kwa mwaka ni milioni 430.

Hapo pesa ya usajili bado. Akitaka milioni 300 mkononi, nayo ni mapato ya ajira, inakatwa asilimia 30, kwa hiyo klabu itenge karibu milioni 429. Mkataba wa miaka miwili unafika bilioni 1.29, na hatujaweka nyumba, gari, tiketi wala bonasi. Mtandaoni mnaandika "anataka milioni 20 tu, mpeni". Na kiongozi anayejua hesabu hizi anakaa kimya, kwa sababu akizitaja ataulizwa za wengine 25 waliobaki kikosini.

Sasa weka hiyo bilioni 1.29 mbele ya mapato. Mkataba wa haki za matangazo uliosainiwa Mei 2021 kati ya TFF, shirikisho la soka la nchi, na Azam Media ni wa miaka 10 na una thamani ya bilioni 225.6, na ulipotangazwa bingwa alipangiwa milioni 500. Yaani ukishinda ligi nzima, mechi 30, umepata mshahara wa mwaka mmoja wa mtu mmoja na chenji kidogo. Udhamini wa kifuani, jina la kampuni kwenye jezi, ndio unaobeba mzigo: SportPesa na Yanga mwaka 2022 walisaini bilioni 12.3 kwa miaka mitatu, M-Bet na Simba bilioni 26.1 kwa miaka mitano. Gawanya kwa mwaka uone, ni bilioni 4.1 na bilioni 5.2. Kwenye hesabu za msimu wa 2023/24 zilizosomwa kwa wanachama, Yanga iliingiza kama bilioni 21 na kutumia kama bilioni 22. Hiyo ni klabu iliyochukua ubingwa na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, na bado matumizi yamepita mapato. Pengo la namna hiyo lazima lizibwe na mtu, na siku mtu huyo akichoka, mikataba ya miaka mitatu itabaki pale pale ikidai.

Pesa ya CAF, shirikisho la soka Afrika, nayo ni nzuri ikija. Yanga 2023 na Simba 2025 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho, na mshindi wa pili alipata dola milioni 1. Lakini ukitolewa raundi ya pili ya mchujo hupati hata robo ya hiyo, wakati mshahara uliouandika unaendelea kudai kila tarehe 30. Kosa linalonikera kuliko yote ni hili: kupanga mshahara wa kudumu kwa kutegemea pesa ya kubahatisha. Milioni 20 ile ingeweza kuwa milioni 12 ya mshahara, na iliyobaki ifungwe kwenye vitu vinavyoingiza pesa: kuvuka makundi, robo fainali, idadi ya mechi alizoanza. Timu ikifika mbali, wote wanakula. Ikitolewa mapema, klabu haifi. Mchezaji anayejiamini atakubali, na akikataa angalau umejua anachokitaka.

Msiniambie nyota wana tamaa bila kutazama soko pia. Kanuni ya ligi inatoa nafasi 12 za wageni. Nafasi zilizobaki ni za wazawa, na wazawa wanaoweza kuanza mechi ya CAF ugenini ni wachache mno. Kitu adimu kinapanda bei. Mnamlipa mgeni anayekaa benchi mara tatu ya mzawa anayecheza kila wiki, kisha mnashangaa mzawa akiuliza.

Sasa mkataba wenyewe. Turudi kwa Feisal Salum, Fei Toto, aliyekuwa kiungo wa Yanga, kwa sababu lile sakata lilitupa kila somo na hatukushika hata moja.

Desemba 2022, dirisha dogo likiwa wazi, Feisal Salum aliwasilisha barua ya kuvunja mkataba na Yanga na kuingiza kwenye akaunti ya klabu milioni 112: milioni 100 za kununua mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Piga hesabu, mshahara ni milioni 4 kwa mwezi. Mkataba ulikuwa unaishia Mei 2024, umebaki mwaka na miezi mitano. Yanga wakairudisha pesa. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, Machi ikatupa maombi yake ya mapitio. Kijana akakaa nje nusu msimu, ikafika hatua ya kuomba michango hadharani ya kwenda CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo. Mwisho likamalizwa wapi? Ikulu, Juni 2023, Rais Samia akiwaomba viongozi wa Yanga wayamalize. Siku chache baadaye klabu ya Azam ikamtambulisha, na msimu uliofuata akafunga mabao 19 kwenye ligi.

Msifungue tena ubishi wa nani alikuwa na haki. Tazameni hiki tu: kama kipengele kilimruhusu kulipa na kuondoka, Yanga walijiandikia wenyewe bei ya kumpoteza kiungo wao bora kwa milioni 100. Kama hakikumruhusu, basi kiliandikwa kwa lugha iliyomfanya mchezaji na wanasheria wake waamini kwamba kinaruhusu. Vyovyote iwavyo, karatasi ilikuwa mbovu. Shabiki aliyechoma jezi hakuwahi kuuliza nani aliiandika.

Kipengele cha kununua mkataba kinachosimama kinahitaji vitu vinavyojulikana. Kiasi, na sarafu gani, na kama kodi imo ndani. Nani anaruhusiwa kulipa, mchezaji au klabu mpya. Akaunti ipi. Dirisha lipi, maana kanuni za FIFA, ibara ya 16, haziruhusu upande mmoja kuvunja mkataba katikati ya msimu. Notisi ya siku ngapi. Na sentensi moja inayosema kwamba pesa ikishaingia kamili, klabu inatoa barua ya kumwachia ndani ya siku kadhaa na ridhaa ya klabu haihitajiki tena. Au kinyume chake, kwamba hakuna kuondoka bila ridhaa ya maandishi. Chagueni moja. Mikataba mingi inaandika "mkataba unaweza kuvunjwa kwa makubaliano au kwa kulipa fidia" halafu inanyamaza. Neno "fidia" peke yake bila kiasi ni mwaliko wa kesi.

Na hapa kuna jambo linalonitia hasira zaidi, kwa sababu linamwumiza mzawa peke yake. Mgeni wa klabu ileile asipolipwa mishahara miwili, anaandika barua ya madai, anatoa siku 15, zikipita bila malipo anavunja mkataba kwa sababu halali kwa ibara ya 14bis ya kanuni hizohizo za FIFA, kisha anafungua shauri FIFA bila kutozwa gharama ya uendeshaji. Akishinda, klabu ina siku 45 kulipa, la sivyo inafungiwa kusajili hadi madirisha matatu. Ndiyo maana majina ya klabu zetu yanaonekana mara kwa mara kwenye orodha ya FIFA ya waliofungiwa. Mzawa hana mlango huo. Mgogoro wa Mtanzania na klabu ya Tanzania hauna sura ya kimataifa, unabaki kwenye kamati za TFF. Akitaka kutoka hapo anaangalia CAS: muda wa rufaa kwa kawaida siku 21, ada ya kufungua faranga 1,000 za Uswisi, na juu yake kutanguliza gharama za wasuluhishi. Kwa mshahara wa milioni 4? Ndiyo sababu watu wanachangisha.

Viongozi wanajua hili vizuri sana. Mgeni analipwa kwanza kwa sababu anaweza kuwafungia. Mzawa anaambiwa avumilie, "wewe ni mtoto wa nyumbani".

Kalenda nayo. Klabu ndiyo inayojua tarehe ya mwisho wa mkataba, iko kwenye karatasi tangu siku ya kwanza. Miezi 18 kabla, kaa na mchezaji. Ikibaki miezi 12 na hamjaelewana, muuze, maana hapo bado ana bei. Ikibaki miezi sita, ibara ya 18 ya kanuni za FIFA inamruhusu kusaini na klabu nyingine bila kukulipa shilingi. Zile klabu ndogo zilizomlea akiwa na miaka 12 hadi 23 nazo zinakosa mgao wao wa asilimia 5 ambao ungepatikana kama angeuzwa nje. Sisi tunaanza mazungumzo ikibaki miezi minne, katikati ya mbio za ubingwa, kisha kiongozi anakwenda redioni kusema mchezaji "anatusumbua". Ulikuwa wapi mwaka mzima?

NYONGEZA, kwa waliojibu huko chini:

Mdau aliyesema Barcelona nao walimpoteza Messi bure: sawa, lakini soma sababu. Agosti 2021 Messi alishakubali kukatwa nusu ya mshahara. Kilichomzuia ni ukomo wa matumizi wa La Liga, ligi kuu ya Hispania, ambao unakaguliwa kabla mchezaji hajaandikishwa. Klabu ilishavuka, hivyo jina lisingepita. Kwetu hakuna ukomo wa mishahara. Leseni ya klabu ya CAF inadai hesabu zilizokaguliwa, lakini haimzuii mtu kusaini mshahara asioweza kuulipa.

Aliyeuliza tufanye nini kwenye mkutano mkuu: acheni kushangilia jumla kuu ya mapato. Simama, omba mistari minne isomwe. Jumla ya mishahara ya wachezaji pamoja na makato yake. Madeni ya pesa za usajili ambazo hazijamaliziwa. Kesi zilizoko FIFA na TFF na kiasi kinachodaiwa. Na orodha ya mikataba inayoisha ndani ya miezi 18, bila kutaja mshahara wa mtu. Orodha hiyo ya nne haina siri yoyote ya biashara, kila meneja nchini anazo hizo tarehe. Wanachama ndio pekee wasiozijua.