Asiyekula nyama, maziwa wala mayai: poda ya protini anaihitaji kweli?

Mleta hoja, Dar es Salaam

Wakuu, hili naomba tulijadili kwa hesabu, maana kwenye majimu linazungumzwa kwa vitisho. Kijana akitangaza kwamba sasa anakula mimea tu, anaambiwa atakonda, kisha anaonyeshwa kopo la poda ambalo bei yake inanunua debe la maharage. Mimi nasema wengi wao hawaihitaji. Wanachohitaji ni mikunde ya kutosha kila siku, pamoja na vitamini B12, ambayo muuzaji wa kopo wala haigusii.

WHO na FAO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula, waliweka kiwango cha gramu 0.83 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima. Mwenye kilo 65 anahitaji gramu 54. Protini ya mimea haimeng'enywi yote kama ya nyama, basi tumpandishe hadi 65. Sasa tumpe chakula cha kawaida: dona gramu 200 inatoa kama 16, maharage gramu 150 kabla ya kupikwa yanatoa 33, karanga gramu 50 zinatoa 12, chapati za unga wa gramu 100 zinatoa 10. Tayari ni 71, na bado uji na mchicha sijavihesabu.

Wanaosema protini ya mimea "haijakamilika" wanasema nusu ya habari. Protini hujengwa kwa asidi amino, na mbili kati ya hizo ni lisini na metionini. Mahindi yana lisini kidogo. Maharage yana lisini tele lakini metionini yake ni haba. Ndiyo maana makande yanashibisha na kujenga. Hata visipokutana chungu kimoja, ukivila siku hiyohiyo inatosha.

Mkufunzi wa jimu, Mwanza

Mkuu, hiyo hesabu ni ya mtu anayekaa ofisini. Vijana wangu wananyanyua vyuma siku nne au tano kwa wiki. Kwa anayejenga misuli, tafiti zinazungumzia gramu 1.6 kwa kilo, kwa hiyo huyo wa kilo 65 anatakiwa kufikisha 104. Atazitoa wapi hizo 33 zilizobaki? Umwongezee maharage mengine gramu 150? Tumbo litajaa gesi na mazoezi yatamshinda. Na kama anapunguza uzito, maharage yanakuja na wanga wake. Kijiko cha gramu 30 cha poda ya njegere kinampa protini gramu 20 na zaidi kwa kalori 120 hivi, tena dakika moja baada ya mazoezi. Mnatuita wauza vitisho, lakini mimi namwona kijana anayeacha mimea baada ya miezi miwili kwa sababu kila siku ana njaa na amechoka.

Mchangiaji, Eldoret

Huku kwetu wakimbiaji hawakungoja makopo. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wakimbiaji 10 wa ngazi ya juu wa Kenya: asilimia 86 ya nguvu zao ilitoka kwenye mimea, ugali ukiwa mbele, na protini ilikuwa kama gramu 1.3 kwa kilo. Lazima niseme ukweli, maziwa walikunywa, kwa hiyo si vegani, yaani wasiotumia chochote cha mnyama. Lakini mtu anayekula githeri na ndengu hayuko mbali na hapo kama wanavyodai wauzaji.

Dada, Mombasa

Mimi naomba mnisaidie kwa upande mwingine. Mama yangu ni mtu mzima, nyama aliiacha zamani na maziwa yanamsumbua. Tangu alipotoka hospitali, vijiko vitatu vya wali vinamtosha. Maharage hayataki kabisa. Huyu naye nimwambie hahitaji?

Mleta hoja

Shikamoo ya mama ifike kwake, dada. Kwa mtu kama yeye poda ina kazi ya kweli, maana uwezo wa kula ndio uliopungua. Ichanganye kwenye uji wake, lakini muulize kwanza daktari kuhusu figo, kwa sababu figo zikiwa dhaifu kiwango cha protini hupangwa hospitali. Na mkufunzi, kijana wako anayekata uzito huku ananyanyua vyuma nakukubalia. Wote wengine wanaolipa ada pale jimu ndio ninaowatetea. Katika utafiti mkubwa wa Wasabato wa Marekani na Kanada, wenye watu karibu 96,000, vegani walikuwa wakila protini kama gramu 70 kwa siku.

Kwa anayenunua, asianze na picha ya misuli kwenye kopo. Aangalie protini ni gramu ngapi katika kila gramu 30, na kama kwenye viungo kuna glisini au taurini, ambazo ni asidi amino zenye naitrojeni. Maabara nyingi hupima naitrojeni kisha hukadiria protini, hivyo viungo hivyo vya bei rahisi huweza kupandisha namba bila kumjenga mtu. Mchanganyiko wa njegere na mchele ni mzuri, na soya peke yake inatosha. Poda iliyofunguliwa na kupimwa kwenye mifuko ya nailoni asiiguse.

Halafu kuna madini ya risasi, ambayo ni sumu mwilini. Mwaka 2025 Consumer Reports, shirika la kutetea walaji la Marekani, lilipima poda na vinywaji 23 vya protini, na zaidi ya theluthi mbili zilikuwa na risasi nyingi kuliko kiwango ambacho wataalamu wake wanakiona salama kwa siku nzima, katika mlo mmoja tu. Za mimea zilikuwa na wastani wa mara tisa ya zile za maziwa. Kwa sababu hiyo kunywa vijiko vitatu kila siku, mwaka mzima, sikuungi mkono hata kidogo.

Mkulima, Songea

Soya ipo, jamani. Ichemsheni nusu saa, toeni maganda, anikeni, kaangeni kidogo, sageni. Mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe. Gramu 30 za unga wake ni kama protini 11. Mkichanganya na karanga, zichambueni: zilizosinyaa na zenye ukungu tupeni, msiwape hata kuku. Aflatoksini, sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika, na watu walikufa Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Mkufunzi wa jimu

Unga wa soya nitaujaribu kwa wanaoanza. Ila hiyo B12 mbona unaikazania? Mchicha na maharage si vina kila kitu?

Mleta hoja

Havina B12, na hapo ndipo hatari inapojificha. Ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo mtu anajiona mzima. Foleti, vitamini nyingine iliyomo kwenye mchicha na maharage, inaweza kuficha upungufu wa damu, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika: ganzi miguuni, kusahau, kuyumba unapotembea. Ikichelewa, madhara mengine hayarudi nyuma. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na vidonge vyake ni rahisi kuliko kopo. Spirulina, ile poda ya kijani ya mwani, haihesabiki, B12 yake mwili wetu hauwezi kuitumia. Anayekula mimea tupu aulizwe B12 anaipata wapi, kabla ya kuulizwa habari ya protini.