Mjadala: Je, upinzani wa Misri ulikosea kuingia katika Orodha ya Taifa?

HOJA. Katika uchaguzi wa Bunge la Misri wa mwaka 2020, vyama 12 vikiongozwa na Mustaqbal Watan, chama kinachomuunga mkono Rais Sisi, viliungana katika Orodha ya Taifa kwa ajili ya Misri, nayo ikatwaa viti vyote 284 vilivyotengewa orodha za wagombea (viti vingine huwaniwa na mgombea mmoja mmoja). Ndani yake walikuwamo Wafd, Tagammu (chama cha mrengo wa kushoto) na hata Chama cha Demokrasia ya Kijamii, ambacho huhesabiwa upande wa upinzani. Naona wapinzani hao walikosea. Majimbo ya orodha ni manne tu nchi nzima, na orodha ipatayo zaidi ya nusu ya kura huchukua viti vyote vya jimbo. Kwa hiyo anayepanga majina ndiye anayegawa viti, na mpiga kura hufika kituoni kuidhinisha mgao uliokwisha kufanyika.

JIBU. Ndugu mtoa hoja, unavihukumu vyama kwa kosa la sheria. Mwaka 1984 wagombea binafsi hawakuruhusiwa, na ili kiingie bungeni chama kilitakiwa kipate asilimia 8 ya kura za nchi nzima. Ikhwani (Udugu wa Kiislamu), ambao hawakuwa na chama kilichosajiliwa, waliingia kwa mgongo wa Wafd, chama cha kiliberali, na kwa pamoja wakapata viti 58. Mwaka 1987 wakahamia kwa Chama cha Kazi na Chama cha Kiliberali. Hakuna aliyedhani kwamba washirika hao walikuwa na itikadi moja, lakini walipata mahali pa kuihoji serikali, jambo ambalo aliyesusia uchaguzi hana.

MTOA HOJA. Mfano wako wa 1984 unaniunga mkono, kwa kuwa Wafd na Ikhwani waliungana dhidi ya chama tawala, ilhali mwaka 2020 wapinzani waliomba nafasi kwa walio karibu na watawala. Tazama pia mwaka 2011, ambapo theluthi mbili ya viti 498 viligawanywa kwa uwiano wa kura. Wafd ilikuwa katika Muungano wa Kidemokrasia pamoja na Chama cha Uhuru na Haki cha Ikhwani, ikajitoa kabla ya kura, ikasimama peke yake na bado ikapata viti karibu 40. (Bunge hilo lilivunjwa Juni 2012 kwa hukumu ya Mahakama ya Juu ya Katiba, lakini kasoro iliyotajwa ilihusu vyama kugombea viti vya wagombea binafsi.) Chama kinachoweza kujitoa bila kufutika kina sauti ndani ya muungano wake. Anayejitoa katika Orodha ya Taifa anabaki na nini?

MCHANGIAJI WA TATU. Katika mjadala wa kitaifa wa 2023 baadhi ya vyama viliomba uwiano urudishwe, lakini sheria iliyotumika mwaka 2025 ilibakiza mfumo uleule. Ningependa waliojiunga watueleze kama waliwahi kuufanya uwiano kuwa sharti la kukubali viti hivyo.