Mwerezi mnautambuaje? Msaada wa haraka wadau

Mja_Malindi: Asalaam alaykum wadau. Anaejua miti ya bara anisaidie, mwerezi utautambuaje kwa picha ya simu? Ule wa nguzo zisizoliwa na mchwa. Nimetumiwa hii, majani sindano, gome linabanduka. Nataka kujua tu.

FundiMakuti: Kujua tu, saa sita usiku? 😂 Sisi ni boriti za mkoko tangu babu. Mwaka juzi nikajitia mjanja nikajengea banda la mbuzi mikaratusi, mchwa wakala, banda likalala, mbuzi wakalala kwa jirani, mpaka leo hatusemezani.

Mtoto_wa_Maralal: Mwerezi mkubwa hauna sindano, hizo ni za mche. Majani yake vijigamba vimelalia kitawi kama magamba ya samaki. Tafuta tunda, rangi ya buluu, laini, kadiri ya pojo, na mti wa kike ndo unazaa. Likiwa gumu la kupasuka hiyo ni saiprasi. Unaota juu huko kwenye mawe, mita 1,500 na zaidi. Ushalipa?

Mja_Malindi: Sijalipa. Nimetuma dipoziti tu.

BintiShela: Ngapi? Na pesa ya nani?

Mja_Malindi: Elfu 40. Ya chama cha mama lakini nitairudisha kabla ya Ramadhani, msianze. Jamaa ni muaminifu, aniita shemeji, nguzo 60 zatoka Maralal huko bara na lori, na mchwa washamaliza jiko, mlitaka nifanyeje?

Abu_Twaha: Amana hiyo ndugu yangu. Muogope Mungu.

Mtoto_wa_Maralal: Kibali cha KFS, wale wa misitu, kiko? Lori likishikwa njiani bila karatasi, mzigo umeenda.

Mja_Malindi: Anacho, atanionyesha mzigo ukifika.

Nahodha_Mstaafu: Mato yangu ya kizee lakini nimeikuza hiyo picha. Nyuma kuna mnazi. Maralal na mnazi wapi na wapi? Huo mvinje, nenda ufuoni uvute sindano yake, yaachana kwa viungo.

FundiMakuti: Stori za jaba! Huyu ndo muuzaji mwenyewe, anapima soko.

BintiShela: Taja chama basi, tumuulize mama.

Mja_Malindi: Wallahi mi si muuzaji, mnazi sikuuona. Nimempigia sahi, asema hiyo ni picha ya mfano, ya mwerezi wenyewe atatuma nikimalizia. Sasa nauliza, iliobaki nitume yote ama nusu?