Tupeane uzoefu: umewahi kumwomba mtu wa kodi nakala ya ritani yako akaanza kukuzungusha?

Chelewa Chelewa
Wakuu, hasa mlioko huku Marekani. Jana usiku niliamua mwaka huu nijifanyie ritani, ile fomu ya kodi ya mwaka, mwenyewe, nimechoka kumlipa mtu kwa W-2 moja, karatasi ya mshahara tu. Nikajaza vizuri, nikafika mwisho, programu ikaniuliza AGI ya mwaka jana, yaani yale mapato baada ya kurekebishwa, ili ijue kweli ni mimi. Sasa nitaijulia wapi? Miaka minne nimefanyiwa na mtu na sina karatasi hata moja. Kila mwaka natoka pale na risiti ya hela yake na neno "imeshaenda, kaka". Nimempigia, anasema nipite ofisini. Ofisi yenyewe hufunguliwa msimu wa kodi tu. Msimu ndio huu na hayupo.
Hivi ni mimi peke yangu?

Nyuki Jike
Hauko peke yako. Wa kwangu alinitumia ukurasa wa kwanza tu wa 1040, fomu yenyewe ya ritani, kaupiga picha kwenye skrini ya kompyuta, kidole chake kinaonekana pembeni.

Msukuma Mkokoteni
Kidole jamani.

Pwani Moja
Huyo wa kidole ana nafuu. Mie nilipewa PDF safi, kila fomu imo, nikaiweka pahali pazuri nikalala usingizi. Novemba barua ya IRS, wale wa kodi wa serikali kuu, ikaja kuniuliza mbona sijawasilisha ushuru wa mwaka ule. PDF ninayo, lakini ritani haikupita! Ilitumwa ikakataliwa kwa sababu soshali ya mtoto, ile namba ya hifadhi ya jamii, ilikosewa tarakimu moja, naye akanyamaza kimya. Tangu hapo nadai vitu viwili: nakala, na ile taarifa kwamba IRS wameipokea na wameikubali.

Sanduku la Babu
Ushuru ni wa forodhani. Hii ni kodi.

Pwani Moja
Huko kwenu. Kwetu ni ushuru, na mfukoni unauma vilevile.

Kalamu Nyekundu
Ngoja niwatetee wenzangu kidogo kabla hamjatumaliza. Kazi hii naifanya, na PTIN yangu, namba ya IRS ya watayarishaji wanaolipwa, naihuisha kila mwaka.
Sheria kwenye hili haina kona. Kifungu cha 6107 cha sheria ya kodi ya Marekani kinasema anayelipwa kukuandalia ritani lazima akupe nakala kamili, tena isiwe baada ya ile saa anayokuletea utie saini. Iwe karatasi au PDF, hilo mnakubaliana ninyi wawili. Naye abaki na nakala, au hata orodha tu ya majina na namba za wateja wake, kwa miaka mitatu.
Ila na nyie wateja! Nikiwapa karatasi mnaiacha kwenye gari. Nikiweka kwenye potali, barua pepe ya kufungulia hamuigusi mpaka muda wake unaisha. Halafu Agosti, saa tano usiku: "dada nitumie ile kitu, mwenye nyumba anaitaka sasa hivi." Ile kitu ipi?

Nyuki Jike
Subiri. Kumbe anaweza kutunza orodha tu? Kwa hiyo nikirudi mwaka wa pili anaweza kuniambia jina langu lipo ila ritani haipo?

Kalamu Nyekundu
Anaweza. Ndiyo maana uchukue siku ileile, kabla hujainuka kwenye kiti.

Baharia wa Nchi Kavu
Sikutaka kuandika, lakini hii mada imenirudisha kwenye siku niliyotamani ardhi ipasuke inimeze.
Nilikuwa na mtu wangu wa kodi, Mswahili mwenzetu, wapi sisemi. Kazi alifanyia nyuma ya duka, meza moja, kompyuta moja, foleni mpaka nje kwa sababu sifa yake ilikuwa rifandi nono, yaani hela ya kodi unayorudishiwa. Unampa W-2, anabonyeza bonyeza, anakusogezea kishikwambi, "saini hapa, na hapa", umemaliza. Nikimwomba nakala: "iko kwenye mfumo kaka, ukiihitaji we nipigie tu." Hela inaingia, nami nikaona huyu ndugu kabisa. Miaka mitatu hiyo.
Nikaoa nyumbani, nikaanza kumfuatilia mke wangu aje. Wakili akataka ritani kwa ajili ya fomu I-864, ile unayoapa kwamba utammudu unayemleta. Ya lazima ni ya mwaka wa karibuni, lakini akasema tuweke zote tatu, zitaongeza uzito. Kumpigia mtu wangu, namba haipatikani. Kwenda dukani, mwenye duka ananiambia "na mimi namtafuta".
Wakili akasema usihangaike, transkripti za IRS, yaani muhtasari wa ritani walizopokea, zinakubalika, ni bure, na ukiwa nazo hata W-2 huambatanishi. Nikafungua akaunti kwenye tovuti yao, nikapiga picha kitambulisho, nikapiga na uso wangu, jioni ile ile ninazo. Nikamtumia wakili bila kuzisoma. Hapo ndipo nilipojichimbia.
Siku ya kikao mke wangu yuko kwenye simu, spika imewashwa, maana naye alikuwa na maswali yake. Wakili anasoma, anarudi nyuma, anasoma tena. "Hapa umejaza kama mkuu wa kaya." Nikamjibu kwa kujiamini, sasa mkuu wa kaya si ndiye mimi? Akasema, "Kwa kawaida hii ni ya mtu asiye na ndoa anayetunza mtegemezi. Wewe ombi lako linasema umeoa." Kimya. "Halafu kuna mtoto hapa."
Wakuu, nilisikia kiti kikivutwa upande wa pili wa simu.
Transkripti hazionyeshi jina zima, wanaficha kwa usalama. Unaona herufi nne za mwanzo za jina la ukoo na tarakimu nne za mwisho za soshali, basi. Herufi zenyewe: R, O, D, R. Wakili ananiuliza RODR ni nani. Mke wangu ananiuliza RODR ni nani, ila yeye kwa sauti nyingine. Na mimi mwenyewe natamani kujua RODR ni nani! Juu ya hapo kuna Schedule C, fomu ya mwenye biashara, nina biashara yenye hasara ya maelfu ya dola, wakati biashara pekee niliyowahi kufanya maishani ni kuuza ubuyu shuleni.
Nilipeleka 1040-X tatu, zile za kurekebisha ritani. Nikarudisha rifandi ambazo hazikuwa haki yangu, na riba juu. Nikajaza fomu 14157 ya kumlalamikia, na 14157-A ya kueleza alivyoichezea ritani yangu. Hiyo ya pili inataka uambatanishe nakala ya ritani aliyokupa mtayarishaji, kama unayo. Kama unayo!

Msukuma Mkokoteni
RODR.

Mama Wawili
Nimesoma jikoni, chakula kimeungua.

Nyuki Jike
Sasa shemeji alisemaje?

Chelewa Chelewa
Poleni sana mkuu. Ila wakuu, AGI yangu.

Sanduku la Babu
Mimi huyu baharia simwonei huruma. Mwaka wa kwanza rifandi imezidi ya wenzake wote kazini, hakuuliza. Mwaka wa pili, hakuuliza. Kilichomuuma ni mke kusikia.

Baharia wa Nchi Kavu
Mzee, hukuwepo. Nilikuwa na miezi minane nchi hii, ningejuaje rifandi ya kawaida ni kiasi gani?

Sanduku la Babu
Saini si ilikuwa yako?

Kalamu Nyekundu
Kwenye saini babu yuko sahihi, ingawa mdomo wake mchungu. Kile kishikwambi mnachosukumiwa mara nyingi ndani yake kuna fomu 8879, ya kuruhusu ritani itumwe kwa mtandao. Ukitia saini pale unakiri kwa kiapo kwamba ritani umeikagua na ni ya kweli. Yeye ndiye aliyepika, lakini IRS wanaanza na wewe.
Ila nimrekebishe wakili kidogo. Mwenye ndoa ambaye mkewe ni mgeni asiyehesabiwa mkaazi wa Marekani kikodi anaweza kujaza kama mkuu wa kaya. Sharti awe na mtegemezi wa kweli anayekidhi masharti. Si RODR.

Baharia wa Nchi Kavu
Asante dada. Ningekuwa nalijua hilo siku ile ningelisema, lisingenisaidia kitu.

Mama Wawili
Wangu hana shida, ananitumia PDF yote WhatsApp, natafuta jina lake naipata. Mwaka wa sita huu.

Pwani Moja
Mama, hiyo PDF ina soshali yako, soshali za wanao, namba ya akaunti ya benki na pahali unapolala. Simu ikiibiwa umemkabidhi mwizi maisha yako yakiwa yamepangwa kwa mistari.

Mama Wawili
Simu yangu ina alama ya kidole.

Msukuma Mkokoteni
Kidole tena.

Nyuki Jike
Huyu niliyehamia alikuja na usalama wa hali ya juu. PDF imefungwa, haifunguki bila paswedi. Paswedi kaiandika kwenye barua pepe ileile, chini ya "ubarikiwe".

Kalamu Nyekundu
Anatutia aibu. Paswedi ipite njia nyingine, mpigie mteja umtajie. Na msiweke tarakimu nne za soshali kuwa paswedi, hizo ndizo kila ofisi inakuuliza.

Sanduku la Babu
Karatasi. Mimi nina zote tangu nifike nchi hii, kwenye sanduku la bati. Hakuna paswedi, hakuna kiungo.

Pwani Moja
Na bomba la jirani wa juu likipasuka?

Sanduku la Babu
Lilishapasuka. Nilizianika.

Msukuma Mkokoteni
Swali la kijinga: zinatunzwa miaka mingapi? Mmoja kaniambia mitatu, mwingine saba, shemeji yangu anasema hadi kufa.

Kalamu Nyekundu
Mitatu kwa wengi. Sita kama uliacha kuandika mapato yanayozidi robo ya uliyoyaandika. Saba kama ulidai hasara ya deni lisilolipika au hisa zilizokufa. Kama hukuwasilisha kabisa, au uliwasilisha ya udanganyifu, hakuna kikomo, kwa hiyo shemeji yako inawezekana anajijua.
Lakini hiyo ni hesabu ya IRS. Wakili wa uhamiaji, benki, chuo cha mwanao, hao hesabu zao ni nyingine. PDF haili wali, weka zote.

Nyuki Jike
Na mkishapewa hiyo PDF, ilinganisheni na transkripti ya mwaka huohuo. Kuna wanaokuonyesha ritani moja wakatuma nyingine. Binamu yangu kwenye PDF yake rifandi ilikuwa ndogo, IRS walitoa kubwa. Tofauti ilishukia kwenye akaunti asiyoijua.

Msukuma Mkokoteni
Huyo naye tumfungulie uzi wake.

Kalamu Nyekundu
Chelewa Chelewa, sijakusahau. Ingia akaunti yako ya IRS, fungua transkripti ya ritani ya mwaka jana, AGI imeandikwa humo. Au pekua barua pepe, kama aliwahi kukutumia 8879, ni mstari wa kwanza kabisa. Kama ritani ya mwaka jana bado haijashughulikiwa, weka sifuri. Ukikwama kuthibitisha uso, omba transkripti kwa posta, hufika ndani ya siku 5 hadi 10. Usikimbilie kuomba nakala kamili kwa fomu 4506, hiyo wanalipisha na inaweza kuchukua hadi siku 75.

Pwani Moja
Asiweke sifuri! Mie niliweka ikakataliwa.

Kalamu Nyekundu
Kwa sababu yako ilikuwa imeshashughulikiwa. Soma tena nilivyoandika.

Chelewa Chelewa
Wakuu nimeingia. Uso ulikataa mara mbili, ya tatu nikavua kofia ukakubali. AGI ninayo. Nimeangalia na watoto: hakuna. Nimeangalia biashara: hakuna. Kumbe jamaa alikuwa mwaminifu, mvivu tu.
Dada Kalamu, unachukua wateja?

Kalamu Nyekundu
Nachukua. Ukiacha karatasi kwenye gari nakutoza.

Nyuki Jike
Baharia, umetukimbia. Shemeji alifika au hakufika?

Baharia wa Nchi Kavu
Alifika mwaka jana. Kodi tunajaza pamoja sasa, na PDF anazitunza yeye kwenye flashi ambayo sijui anaificha wapi. Kwenye simu yake kaniandika Baba RODR.

Sanduku la Babu
Linatamkwaje?